Filta ya gari na pesa ya bibi harusi



Leo sikuja na mshono wala habari za shela. Nimekuja na habari ya gari, na najua wapo watakaosema hii ipelekwe kwa waume zao. Lakini siku hizi wengi wetu tuna gari za biashara: wapishi wa keki, wapambaji, wachora hina, sisi mafundi cherehani. Tunaziendesha wenyewe, tunazitia mafuta wenyewe, na likitokea la kutokea tunadanganywa wenyewe. Kwa hiyo someni tu. Na kuna jambo jengine ndani yake ambalo limenikaa moyoni kwa muda, nalo si la gari.

Gari yangu ni IST, injini ya 1,500. Niliinunua kwa pesa ya cherehani, miaka minne ya kujibana, na sikuinunulia fakhari. Gauni la harusi halipakiwi kwenye daladala. Ukilikunja lesi inavunjika, ukilining'iniza watu wanalikanyaga. Nikawa nakodi taksi kila nikipeleka kazi Nungwi au Makunduchi, faida yote inaishia njiani. Ilipokuja gari nilimshukuru Mola wangu sana.

Mwaka wa tatu ikaanza uzito. Haikuzimika wala haikutoa moshi, ila ukikanyaga mafuta inajifikiria kwanza. Nikitaka kuipita daladala barabara ya Nungwi nakanyaga, nasubiri, naghairi, narudi nyuma ya daladala. Mafuta yalikuwa yanakwenda vilevile kama siku zote, ndiyo maana sikuishughulikia mapema.

Mdogo wangu wa kiume ndiye mshauri wangu wa gari. Ni kijana mzuri, ananipenda, na anapenda magari kuliko kula. Akaiendesha siku moja mpaka Bububu na kurudi, akanambia, "Dada, gari yako inakosa pumzi. Hii inataka koni."

Kwa asiyejua: hewa inayoingia kwenye injini hupita kwenye sanduku jeusi la plastiki lenye klipu, na ndani yake mna filta ya karatasi. Mafundi wengi wanaiita eaklina. Hiyo koni ni filta ya wazi, kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta na kuzungushiwa wavu, ina umbo la pia kubwa. Wanaling'oa sanduku zima, wanaitia koni kwenye paipu ya chuma inayong'aa, injini inavuta hewa moja kwa moja. Hoja yao ni kwamba sanduku linaibana, koni inaiachia, basi nguvu inaongezeka. Na mlio unabadilika. Gari inakuwa inanguruma ukikanyaga.

Akanitajia bei: shilingi 230,000 pamoja na kufungiwa, kwa rafiki yake.

Sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho kwenye kibegi changu cha ndani ni shilingi 350,000 za bibi harusi mmoja, binti wa watu, ambaye mama yake alinikabidhi mkononi ninunue lesi na kitambaa cha shela. Harusi yake ilikuwa bado miezi miwili. Nikajiambia nitazirudisha. Ninazo kazi nyengine tatu, nikilipwa moja tu zimerudi, na lesi naweza kuinunua wiki ya pili. Nani atajua?

Naandika neno hilo, "nani atajua", na mkono unakuwa mzito. Nilikuwa nimesoma madrasa mpaka nikakhitimu. Suratun Nisaa aya ya 58, amri ya kurudisha amana kwa wenyewe, niliihifadhi nikiwa na miaka kumi. Lakini mtu anapotaka kitu hujifanya hajui tofauti ya pesa yake na pesa aliyoshikishwa. Mimi niliipa jina zuri, nikaiita "kuzungusha". Wafanyabiashara wenzangu mnalijua neno hilo.

Basi ikafungwa. Rafiki yake mdogo wangu alifanya kazi ya nusu siku. Alilitoa sanduku la zamani zima zima bila kulifungua, akaniwekea kwenye buti. Akaipitisha ile paipu chini, pembeni ya taa ya mbele hadi nyuma ya bampa, koni ikakaa kule chini. Akanieleza sababu: hewa ya ndani ya boneti ni ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haina ujazo; ukiivuta ya nje inakuwa baridi na nzito, ndiyo inayotoa nguvu.

Na hapo, mashoga zangu, hakusema uongo. Baadaye niliyasoma haya kwa utulivu. Injini ya petroli hula hewa kuliko petroli: kwa kila kilo moja ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli haifiki hata kilo, ni kama gramu 740. Ukipiga hesabu, lita moja unayotia sheli inataka takriban kilo 11 za hewa, yaani karibu lita 9,000. Mapipa 45 ya lita 200 kwa lita moja ya mafuta! Na hewa ikizidi joto kwa nyuzi 10 hupungua uzito kwa kama asilimia 3. Kwa hiyo kutaka hewa ya baridi si ujinga. Watu wa mashindano ya magari wanafanya hivyo na wana haki.

Isipokuwa kampuni iliyoitengeneza gari nayo ilikuwa inajua. Mdomo wa lile sanduku la zamani ulikuwa unavutia hewa mbele, juu, mbali na injini. Tulichokinunua tayari tulikuwa nacho.

Jengine nililielewa kwa cherehani. Mteja akija na gauni linambana mkono, ukaenda ukapanua mdomo wa mkono pale kwenye kiganja, hujamsaidia kitu. Kinachombana ni kwapa. Injini ya IST hiyo ya 1,500 nguvu yake ni kama farasi 109, na inazifikia kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Sanduku lake na filta safi vimepimwa vitoshe kwa hizo. Ukiipanua njia ya kuingilia tu, na vali ni zilezile, ekzosi ileile, kompyuta yake ileile, utapata nguvu kidogo sana, tena huko juu kwenye mizunguko mingi. Sasa niambieni, mimi na gauni la milioni limelala siti ya nyuma, na polisi wamekaa chini ya mwembe, nitazungusha injini 6,000 saa ngapi?

Lakini siku ile nilifurahi. Gari iliondoka. Nilikanyaga nikaipita daladala, ile ngurumo nikaipenda na mimi, na nikampongeza mdogo wangu. Wallahi niliona imekuwa gari nyengine. Na kweli ilikuwa imepona, ila dawa haikuwa ile niliyoidhania. Nitaeleza.

Wiki ya tatu taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, ile ya rangi ya chungwa. Mdogo wangu akasema itazoea. Nikaiacha. (Taa haizoei. Ukiwasha jiko likanuka gesi huambiwi pua itazoea.)

Mfunguo mosi wa 2024 uliangukia masika, mnakumbuka. Idi ilikuwa Aprili, mvua ikashuka, na harusi zote zilizosubiri Ramadhani iishe zikaja pamoja. Nilikuwa na gauni la kupeleka Fuoni, harusi jioni, bibi harusi ameshaanza kupambwa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Barabara kubwa ilikuwa na foleni, nikakata njia ya ndani.

Mbele nikakuta maji. Si mengi, yalifika nusu ya tairi. Gari ya mbele yangu, ndogo kama yangu, ikapita polepole ikatoka. Nikasema bismillahi nikaingia. Nilipofika katikati nikasikia sauti kama mtu anayenywa maji kwa pupa, gari ikashtuka mara moja, ikazimika.

Nikampigia mdogo wangu. Akanambia, "Piga stata, Dada, kanyaga mafuta mpaka chini." Mkono ulikuwa kwenye ufunguo. Lakini kulikuwa na mzee anatoka msikitini, sala ya alasiri imekwisha, kashika mwavuli, kanzu kaikunja mpaka magotini. Akanigongea kioo.

"Usiwashe, mwanangu. Hii gari inavutia wapi hewa?"

"Chini, mbele, nyuma ya bampa."

"Basi imekunywa. Usiiguse kabisa."

Mzee yule alikuwa dereva wa daladala miaka yake, na ndiye aliyeniokoa na hasara ya mwaka mzima. Injini inafanya kazi ya kuibana hewa: pistoni inapanda, hewa inakandamizwa. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Yakiingia kwenye silinda, pistoni ikipanda inakutana nayo kama ukuta, na kinachopinda ni konrodi, ile fito ya chuma inayoishikilia pistoni. Ikizimika yenyewe unaweza kuwa na bahati. Ukiendelea kupiga stata unaimalizia mwenyewe kwa mkono wako. Na ile gari ya mbele yangu ilipita kwa sababu pua yake ilikuwa juu, pale kiwandani walipoiweka. Yangu niliishusha kwa shilingi 230,000.

Mmeziona zile Land Cruiser za watalii wanaokwenda mbugani bara, zina bomba limepanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa? Lile ndilo pua lake. Wamelipandisha ili livute hewa isiyo na maji na yenye vumbi dogo. Kumbe wenye kujua wanapandisha, mimi nikateremsha.

Gauni nililibeba kichwani. Lilikuwa kwenye mfuko wake wa nailoni, nikaufunga na mtandio, nikavua viatu nikapita kwenye tope, mzee ananifuata na mwavuli na kunisomea dua. Nilifika nimechelewa dakika arubaini. Bibi harusi amekaa, uso umeshapambwa, mikono imejaa hina, kanga kifuani, anatetemeka. Mama yake hakunambia neno, aliniangalia tu miguu. Pindo lilikuwa limeingia maji ya tope upana wa vidole viwili. Nikaomba sabuni ya kipande, beseni, feni na pasi, nikakaa chini kwenye sakafu nikalifua lile pindo na kulikausha pale pale, huku wanawake wanapiga vigelegele chumba cha pili. Alhamdulillah lilitoka. Lakini dakika zile za feni sizitaki tena maishani mwangu.

Gari ilivutwa kwa kamba mpaka kwa fundi aliyetajwa na yule mzee, naye ni mzee vilevile, gereji yake ni banda la mabati chini ya mkungu. Shikamoo, marahaba, akafungua boneti, akaitazama ile paipu inayong'aa, akaguna. Akatoa plagi zote nne, akaizungusha injini bila plagi, maji yakaruka kwenye matundu mawili kama bomba la bustani. Akanambia nishukuru: konrodi hazikupinda. Oili ilikuwa imechanganyika na maji, imekuwa rangi ya chai ya maziwa, akaimwaga yote. Na akanionyesha sensa ya hewa. Ni kidude kidogo kinachokaa kwenye njia ya hewa, ndani yake mna waya mwembamba kama uzi wa nailoni, unapashwa moto, nao ndio unaoipimia kompyuta hewa iliyoingia ili ijue itie mafuta kiasi gani. Ule waya ulikuwa umeganda mafuta na vumbi. Koni ya pamba hupakwa mafuta ili ikamate vumbi. Yakizidi, yanasafiri na hewa yanatua kwenye sensa. Ndiyo maana ya ile taa ya chungwa. Gari ilikuwa inasema wiki nzima na mimi namsubiri izoee.

Akaniuliza kama sanduku la zamani ninalo. Mimi fundi cherehani, situpi hata kipande cha utepe. Lilikuwa stoo, chini ya mabaki ya satini. Nikaenda nikalileta. Akalifungua zile klipu mbele yangu.

Ndani mlikuwa na kiota cha panya.

Mashoga zangu, kiota kilichoshonwa! Nyuzi za ovaloki, vipande vya organza nyeupe, sponji ya mabega, kipande cha lesi ya waridi ambacho nilikijua, nilijua hata gauni lake. Yote yametoka kwenye mabaki ninayopakia kwenye buti, panya kayachukua usiku mmoja mmoja, kapita chini ya gari, kapanda, kajaza nusu ya sanduku. Na filta yenyewe, ambayo sikuwahi kuibadilisha tangu gari ifike, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Hiyo ndiyo pumzi iliyokuwa inakosa. Yule kijana angefungua klipu mbili tu angeiona. Ilipopata nguvu baada ya koni, ilipata kwa sababu tulikitoa kiota bila kujua.

Nikacheka, kisha nikakaa kwenye ndoo ya fundi nikalia. Filta mpya ya karatasi aliniuzia shilingi 18,000.

Niliipenda ile filta, nisiseme uongo. Ni karatasi iliyokunjwa marinda, marinda membamba yaliyobanana, na sababu yake ni ileile ya sketi: kitambaa kirefu kikae kwenye kiuno kidogo. Ukiyafungua marinda yote karatasi ni kubwa mara nyingi kuliko lile sanduku. Pembeni ina ukingo wa mpira unaolalia sanduku, na hapo ndipo alipokaza maneno. Filta za bei chee huwa fupi kidogo au mpira wake mgumu, hazilali. Ikibaki nafasi hata ya kuingia kucha, vumbi linapita pale, na filta yote inakuwa pambo. Akanambia nikichagua nilinganishe na ile kuukuu, kimo na upana, kama ninavyolinganisha kola na shingo.

Nikamuuliza habari ya kuipuliza kwa upepo wa mashine, maana wengi wanafanya. Akasema inafaa kwa dharura, kwa upepo mdogo, kutoka ndani kuja nje. Ukiipuliza kwa nguvu unaitoboa na matobo huyaoni. Uishike kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita kwenye marinda bado nzima, ukiona giza ibadilishe, ukiona nukta za mwanga mkali imetoboka. Yeye huzifungua kila sevisi. Kwa anayekwenda njia za vumbi hazifikishi hata kilomita 20,000 akazibadilisha.

Usiku nikakaa na simu nisome, maana nilikuwa na hasira na nilitaka kumjua wa kumkasirikia. Nikakuta kwamba 2009 maabara moja ya Marekani, Oak Ridge, walizipima gari kwa filta safi na filta zilizozibwa makusudi. Kwa gari za kisasa zinazoongozwa na kompyuta, filta chafu haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kutajika. Kilichopungua ni wepesi wa kuondoka. Gari ya zamani ya kabureta ndiyo iliyozidisha kula mafuta. Nilisoma mara mbili. Ilikuwa ni gari yangu hasa: mafuta yaleyale, uzito wa kuondoka. Jibu lilikuwepo miaka yote hiyo, na mimi nimekwenda kununua mngurumo.

Wa kumkasirikia sikumpata. Mdogo wangu alikuja kesho yake, kimya, kichwa chini, akaifungua koni kwa mkono wake akairudisha kwa rafiki yake, ambaye hakurudisha pesa. Nilimwambia haidhuru. Gari yake yeye, akiwa nayo inshaAllah, atafanya atakavyo, na wapo wanaofunga vizuri, na kinga ya joto, na mahali pa juu, na ekzosi na kompyuta vikatengenezwa pamoja. Ni mchezo wao na una elimu yake. Uliokuwa umekosea si yeye peke yake. Yeye hakujua ile pesa imetoka wapi.

Hesabu ya fundi ilikuja shilingi 310,000: sensa iliyotumika, plagi, oili na filta yake, filta ya hewa, kamba ya kuvutia, na mikono yake. Nikatoa zile 120,000 zilizobaki za amana, maana ukishavunja yai hulirudishi gandani, nikaongeza 190,000 kwenye malipo ya gauni la Fuoni. Kilichobaki kililipa wasichana wangu wa cherehani. Sasa ile 350,000 yote haipo, lesi sijanunua, na harusi ya yule binti imebaki wiki tano.

Hapa ndipo nilipolala macho. Mume wangu yuko kazini Pemba, huja na boti kila baada ya wiki mbili. Nilimweleza kwa simu, kila kitu. Alinyamaza kwa muda nikadhani imekatika. Kisha akasema angeweza kuazima kwa mwenzake, nikanunue lesi, wenyewe wasijue. Nikaona hilo ni deni juu ya deni na uongo juu yake. Nikamwambia la, niache niende.

Nilikwenda baada ya magharibi. Nilimkuta bibi harusi na mama yake wanapanga mialiko. Nilisema bila kuzunguka: pesa yenu niliitumia kwenye gari yangu bila idhini yenu, imekwisha, nitairudisha yote, na lesi nitainunua kwa pesa yangu kama mtanivumilia wiki tatu. Naomba mnisamehe.

Binti alisema papo hapo, "Nimekusamehe, da." Macho yake yalikuwa yanamtazama mama yake.

Mama akakunja bahasha aliyoishika, akaikunjua. "Mimi nakusamehe pia, kwa ajili ya Mungu. Lakini gauni la mwanangu halitoki kwako." Akasema atampelekea fundi mwengine kesho, na pesa yake anaitaka kabla ya nikaha.

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kusema miaka kumi na mbili sijawahi kukosa kazi ya mtu. Nikaona yote hayo ni maneno ya mtu aliyekwishakula. Nikasema, "Haki yako, mama," nikaaga.

Nimelipa mara tatu. Kwanza 150,000, kutoka kazi ya maulidi ya skuli, sare za watoto thelathini. Kisha 120,000. Ya mwisho 80,000 nilizipata siku tatu kabla ya harusi, kwa kuuza ovaloki yangu ya zamani. Siku hizi pesa za vitambaa hazikai tena kwenye kibegi changu. Zinakaa kwenye mkebe wa biskuti, kila mmoja bahasha yake, jina lake na tarehe, na ufunguo wa kabati anao msichana wangu mkubwa, si mimi. Gari inafunguliwa sanduku lake kila sevisi, mimi nipo nimesimama naangalia, na mabaki ya vitambaa hayalali kwenye buti.

Zile 80,000 nilizipeleka mwenyewe asubuhi. Nyumba imejaa, masufuria yameshateremshwa, wanawake wanachambua mchele. Gauni limetundikwa mlangoni kwa chumba, limefunikwa shuka, nikaona mkono mmoja tu umetokeza. Lilikuwa limeshonwa vizuri, mshono wa kwapa umekaa. Mama alizipokea, akazihesabu mbele yangu noti moja moja, akazitia kifuani. Kisha akasogea kwenye jamvi, akanipa ungo, akanambia nikae nichambue na wenzangu.